Jani Lisilo na Kikonyo

Mimi ni mwoga. Nalisema mapema kwa sababu watu wakiona picha zangu za maua ya porini hudhani mtu anayekaa peke yake msituni asubuhi nzima akichora lazima awe na roho ngumu. Sina roho hiyo. Tangu utotoni naogopa radi, ng'ombe wenye pembe, visima visivyo na mfuniko na mbwa wa watu. Nilipoolewa nikamwongeza mama mkwe.

Mama mkwe wangu anaishi juu ya Matombo, kule ambako dereva wa pikipiki hukushusha na kukuambia, dada, hapa ndipo mwisho. Nyumba yake ya tofali za kuchoma imezungukwa na migomba, michungwa na midalasini, na nyuma ya jiko kuna njia inayopanda kupita mashamba ya maharage mpaka msitu unapoanza. Mimi ni mtu wa mjini. Naishi Mazimbu na nafundisha baiolojia sekondari. Mume wangu anaendesha malori ya masafa marefu, na likizo zikifika yeye yuko njiani, nawachukua watoto napanda nao kwa bibi yao. Wao hufuata machungwa na uhuru. Mimi nilikuwa nafuata maua.

Kuchora nilikuanzia ubaoni, darasani. Ukifundisha sehemu za ua kwa chaki nyeupe mwaka baada ya mwaka, unafika mahali unatamani rangi. Nikanunua kijisanduku cha rangi za maji mjini, zile za watoto, ambazo nyekundu yake ikikauka inafanana na juisi ya jana. Baadaye nikapata nzuri zaidi, na karatasi nzito isiyojikunja ikilowa. Sikufundishwa na mtu, nilijifunza kwa kuharibu. Nilijiwekea sharti moja tu, kwamba sichumi. Ua likichumwa shingo inalegea na rangi inazama, unabaki unachora maiti. Kwa hiyo nalifuata lilipo, nakaa mbele yake, nachora kinachoonekana na si ninachokijua.

Mama mkwe aliiona kazi hii kama njia ya kukwepa jembe, na hakukosea sana. Ila hakuwahi kunitamkia. Akiniona nimebeba mkoba alisema tu, "Haya, mwanangu, usichelewe," na kurudi kwenye shughuli zake. Baina yetu kulikuwa na adabu nyingi mno. Shikamoo Mama, marahaba, mmeamkaje, watoto wamekula? Katika miaka yote ya ndoa yangu hatukuwahi kukaa tukazungumza jambo lisilokuwa na kazi ndani yake.

Likizo ile ya mwezi wa sita nilikuwa nimeliona ua moja wakati tunatafuta kuni, mimi na yeye, pembeni ya kijito kinachoshuka kutoka msituni. Lilikuwa dogo, la rangi ya waridi iliyopauka, na nyuma yake mkia mrefu uliopinda kama ndoana. Ni la jamii ya yale ambayo tunda lake likikomaa, ukiligusa tu linapasuka na kurusha mbegu. Yapo ya jamii hiyo kwenye milima yetu ambayo hayaoti penginepo duniani. Sikuwa na uhakika kama lile ni mojawapo, lakini usingizi ulikuwa umeshaniruka.

Asubuhi iliyofuata nikapanda peke yangu. Nilivuka kijito, raba zikalowa, nikazivua na kuziweka juu ya jiwe zikauke. Ua lilikuwa kwenye mteremko, chini ya mti mkubwa. Nikakunja kanga, nikaiweka juu ya mzizi, nikakaa miguu peku ikiwa mbele yangu kwenye majani makavu, na ubao wangu wa kuchorea mapajani. Ulikuwa ubao mwepesi, mpana kama sinia kubwa, karatasi imebandikwa juu yake kwa tepu. Kikombe cha maji nikakiweka kulia, raba zikiwa kushoto kwangu juu ya jiwe lao.

Kawaida wachoraji wa mimea huliacha ua kwenye weupe wa karatasi. Mimi siku ile nilitaka kuonyesha na pale linapoota, majani yaliyoanguka, yenye kuoza, yenye rangi za kila namna ya kahawia. Na kwa kuwa ukungu ulikuwa bado haujaliachia ua ili nione mwanga wake vizuri, nilianza na majani. Nilichora moja baada ya jingine. Lilikuwepo lenye madoa, lililojikunja, lililotobolewa na wadudu. Halafu kushoto kidogo, karibu na kidole changu kikubwa cha mguu, lilikuwepo moja zuri kuliko yote, pana, rangi ya maziwa yaliyotiwa chai, na mstari mwembamba mweusi ukipita katikati, ulionyooka kama umepigwa kwa rula. Nikachanganya rangi kwa raha. Nikalijaza. Nikavuta ule mstari kwa ncha ya brashi.

Kila jani lina kikonyo, hata likianguka. Nikafuata mstari nikitafuta kikonyo cha jani lile ili nikimalizie. Hakikuwepo. Mstari ulipoishia, jani lilikunjwa kidogo, na kwenye mkunjo kulikuwa na jicho.

Jicho lile halikufumba. Nilitazama nyuma ya jani nikaona kwamba majani niliyokuwa nimeyachora pale, yale mapana yenye umbo la mstatili, meupemeupe, yaliyotenganishwa na zambarau iliyoiva, hayakuwa majani. Yalikuwa yanafuatana kwa mpangilio mmoja, yakizunguka, yakirudi. Nilikuwa nimemchora nyoka, kifutu, karibu mzima bila kumwona. Alikuwa kwenye karatasi yangu na alikuwa mguuni kwangu.

Wanafunzi wangu huniuliza kama nilipiga kelele. Sauti haikuwepo. Kitu cha kwanza kilikuwa aibu ndogo ya kipumbavu, kwamba mwalimu wa baiolojia anakufa kwa kukosa kuangalia. Halafu hesabu zikaanza. Kutoka pale mpaka nyumbani ni kushuka kwa miguu. Kutoka nyumbani ni pikipiki, kama ipo. Barabara ilikuwa imekatwa na mvua na gari la abiria lilikuwa haliji kila siku. Dawa ya sumu ya nyoka sikujua ipo wapi karibu kuliko mjini. Niliwafikiria watoto wakimenya machungwa. Nilijua pia, maana nafundisha, kwamba kifutu ni mvivu, hakimbii, hashambulii mtu aliyetulia. Nilijua hayo yote, na yalinisaidia kama mwavuli unavyomsaidia mtu aliyetumbukia mtoni.

Nikatulia. Mkono wangu wenye brashi ulibaki hewani kwa sababu sikuthubutu kuushusha. Tone la maji lilining'inia kwenye ncha ya brashi na nikalitazama likinenepa mpaka likaanguka kwenye goti langu. Kando yangu tunda moja la lile ua likapasuka lenyewe, tap, mbegu zikarushwa kwenye majani makavu, na mwili wangu wote ukaruka kwa ndani. Kwa nje haukuruka. Sijui niliuzuia kwa kitu gani.

Nilifumba macho ili nisizirai. Hilo lilikuwa kosa. Nilipoyafumbua, ukungu ulikuwa umeshuka kati ya miti, mwanga umegeuka kijivu, na sikumwona tena. Nilitazama palepale nilipomwona. Palikuwa na majani tu. Kila jani lilikuwa yeye na hakuna lililokuwa yeye. Mguu wa kushoto ulianza kufa ganzi, na niliogopa kwamba utacheza wenyewe, kama miguu iliyokufa ganzi inavyofanya.

Ndipo niliposikia sauti juu ya mteremko.

"Mwanangu! Uko wapi? Chai itapoa."

Mama mkwe hakuwahi kuniletea chai msituni. Alikuja kwa nini siku ile, nilikuja kumuuliza baadaye, na alisema tu kwamba aliona ukungu. Alikuwa anashuka upande wa pili wa mti, mbele yangu, kikapu mkononi, akitafuta pa kukanyaga.

"Mama, simama."

"Unasemaje?"

"Simama hapo hapo. Usishuke. Kuna nyoka mguuni kwangu."

Alisimama. Kilichofuata ni kishindo cha kikapu. Chupa ya chai ilitoka, ikabiringika kwenye mteremko, ndizi za kuchemsha zikaifuata moja moja, na chupa ikaja moja kwa moja upande wangu mpaka ikakwama kwenye mzizi, umbali wa mkono kutoka magotini kwangu.

"Usimtaje," alisema kwa sauti ya chini. "Sema mdudu."

"Mdudu, Mama."

"Nikaite watu. Wapo shambani kwa jirani."

"Usiondoke."

"Nitakimbia, mwanangu, nitarudi sasa hivi."

"Mama, ukiondoka nitajitikisa. Najijua. Tafadhali usiniache."

Alijishika kwenye shina la mti. "Mimi mwenyewe namwogopa kuliko unavyomwogopa wewe," alisema. "Hata akiwa amekufa njiani huwa nazunguka shamba zima. Siwezi kumwangalia."

"Nimempoteza. Alikuwa hapa mbele ya kidole, sasa simwoni. Wewe uko juu, utamwona. Niambie kichwa kiko wapi tu."

Akaanza Salamu Maria, kwa Kiswahili, kisha akaingia kwenye Kiluguru ambacho mimi naambulia nusu. Nilisubiri. Mguu ulikuwa umekuwa gogo. Alipomaliza alifuta uso kwa kiganja na kuinama mbele.

"Naona majani."

"Tafuta kitu kama mkeka, Mama. Kama ukili. Vyeupe vyeupe vinafuatana kwa mstari, na katikati rangi ya zambarau."

Mikeka anaijua, ameisuka maisha yake yote. Macho yake yalipita juu ya miguu yangu, yakaenda, yakarudi, halafu yakakaa mahali. Nilimwona uso ukibadilika.

"Naliona tumbo," alisema. "Nene. Kama mkono wa mtu hapa juu."

"Na kichwa?"

"Ngoja."

Alishuka hatua moja. Nilitaka kumkataza lakini sikuweza. Akashuka nyingine, huku ameng'ang'ania mzizi, machozi yakimtoka bila kulia.

"Kichwa kiko kwenye kisigino chako."

Hakikuwa pale nilipokichora. Alikuwa amesogea wakati nimefumba macho, na mguu wangu uliokufa haukuhisi kitu. Sasa alikuwa ameuzunguka kutoka mbele mpaka nyuma, kama mtu aliyeegemea ukuta kupumzika.

Wazo la ubao lilinijia kwa sababu ulikuwa ndicho kitu pekee nilichokuwa nacho. Nilimwambia Mama kwamba nitaushusha taratibu, kwa ubavu, kati ya mguu na mdudu, kama mtu anayeteremsha pazia, na yeye aniambie kama mdudu ananigusa. Akasema huo ni wazimu. Kisha akasema, haya.

Niliweka brashi mdomoni. Nikashika ubao kwa mikono yote miwili, karatasi ikimwelekea mdudu, na nikaanza kuuteremsha.

"Kulia," alisema Mama.

Nikapeleka kulia.

"Kulia, kulia! Unamwendea!"

Nikasimamisha mikono. Tulikuwa tunaangaliana uso kwa uso, na kulia kwake kulikuwa kushoto kwangu. Jambo ambalo mtoto wa chekechea angeligundua lilikuwa limebakiza upana wa kidole.

"Sema upande wa viatu au upande wa kikombe, Mama."

"Upande wa viatu. Bado. Bado kidogo. Hapo. Teremsha hapo."

Ukingo wa ubao uliingia kwenye majani kwa mlio mdogo wa kukwaruza. Na mdudu akapumua. Mtu ambaye hajasikia pumzi ya kifutu afikirie tairi la lori linalofunguliwa upepo polepole. Ilikuwa ndefu, nzito, ikaisha, ikaanza tena. Mama alitoa sauti ambayo haikuwa neno. Niliuvuta mguu kwa mkono mmoja, kwa kuushika suruali, kama unavyovuta kitu cha mtu mwingine, na ubao ukapigwa. Pigo lile nililihisi mpaka begani. Nikajitupa nyuma na kando, nikatambaa kwa viwiko kuzunguka mti, na mikono ya mama mkwe ikanishika popote ilipofika, nywele, kola, kwapa, ikanivuta kupanda mteremko. Hatukusimama mpaka tulipoanguka wote wawili katikati ya maharage ya jirani.

"Nionyeshe mguu," alisema.

Mguu ulikuwa na damu. Kidogo tu, nyuma ya kisigino, mkwaruzo mmoja na kitobo kimoja. Tukautazama. Aliupangusa kwa kanga, ukatoka tena damu. Nilikuwa nimetambaa juu ya miiba na mawe, ungeweza kuwa mwiba. Ungeweza kuwa jino. Mguu ulikuwa bado na ganzi, na sikuweza kusema kama unauma.

Nadhani pale ndipo nilipoogopa kuliko pote. Kule msituni hofu yangu ilikuwa na mahali, ningeweza kuitazama. Sasa ilikuwa ndani ya ngozi na hatukujua kama ipo. Mama alipiga ukelele, watu wakatoka mashambani, mtu akakimbilia pikipiki. Tulishuka mishikaki, dereva mbele, mimi katikati, Mama nyuma akinikumbatia, na njia nzima mpaka zahanati alikuwa akiinama kila tulipopunguza mwendo kutazama kama mguu umevimba.

"Unaonaje?" nilimuuliza.

"Nyamaza, mwanangu. Usiongee, damu itakimbia."

Muuguzi aliusafisha mguu, akaweka alama ya kalamu mahali wekundu ulipoishia, akatuambia tukae tusubiri. Tulikaa kwenye benchi. Ganzi ilipoisha nilipata maumivu, na kila chomo nililihesabu kuwa ndilo lenyewe. Nilimwambia Mama kuhusu watoto, nani alipe ada, nani asimamie mdogo asikojoe kitandani. Alisikiliza yote. Hakuniambia niache kusema maneno mabaya, alijibu tu kila jambo, hili nitafanya, hili baba yao atafanya. Mchana ukageuka jioni, na wekundu haukuvuka alama. Muuguzi alirudi na koleo ndogo, akabonyeza kitobo, akatoa ncha ya mwiba.

Mama mkwe alinyoosha mkono akauomba ule mwiba, akautazama kwa karibu kabisa, kisha akautupa nje ya dirisha na kuanza kulia kwa sauti mbele ya wagonjwa wote.

Mashemeji zangu walipanda siku iliyofuata na mapanga. Walirudi na ubao, raba, kikombe na chupa ya chai. Mdudu mwenyewe hawakumwona. Ningependa kusema nilifurahi kwamba hakuuawa, maana hakunikosea. Ukweli ni kwamba usiku ule sikulala, kwa sababu hakuna aliyejua yuko wapi. Mama alihamia kitandani kwangu na watoto tukawalaza katikati. Naye hakulala.

Nilirudi mjini na hofu yangu. Sikuweza kukanyaga zulia la jirani lenye maua mpaka niliangalie kwanza kona zote. Mpira wa kumwagilia bustani shuleni ulinifanya nidondoshe madaftari ya darasa zima. Nilipojaribu kuchora, hata ua la kwenye chupa mezani, nilifika kwenye kahawia na mkono ukakataa. Mume wangu alisema kwenye simu, labda inatosha sasa, chora matunda. Nikachora matunda kwa miezi mingi. Machungwa yangu yalikuwa mabaya, yenye uoga.

Aliyenirudisha ni Mama. Likizo nyingine nilipofika, baada ya shikamoo na marahaba, akaniuliza kama nimekuja na rangi. Nikasema zipo mkobani lakini sipandi. Akasema hata yeye hapandi, ila kuna ua la manjano limetoka pembeni ya njia, kabla ya msitu, na yeye angekuja kukaa. Akachukua fimbo ndefu na kigoda.

Sasa ndivyo tunavyofanya. Yeye hukaa amenipa mgongo, anatazama ardhi, mimi natazama ua. Anaongea bila kukatisha, anaamini wadudu hawapendi mazungumzo. Nimemsikia akisimulia mambo ambayo sidhani mwanawe anayajua, jinsi alivyotoroka siku ya kuposwa kwake akarudi kwa sababu ya njaa, na jinsi alivyoniogopa mimi nilipokuja mara ya kwanza, mwalimu wa mjini, asijue aniandalie nini. Nami humwambia ya kwangu. Kila baada ya muda mmoja wetu huuliza, "Umeona kitu?" na mwingine hujibu, "Bado."

Hofu haijaisha. Mvua za mwaka huu tulikuwa tumekaa kwenye ua la zambarau, zuri sana, nimeshalichora nusu, mara majani yakachakarika nyuma yangu. Mama akapiga kelele, nami nikapiga kelele, fimbo ikaenda huku na kigoda kule, na tulikimbia mpaka kwenye maharage tukiwa tumeshikana mikono kama wasichana. Alikuwa mjusi. Tulimwona akivuka njia.

Ilituchukua muda kupata nguvu ya kurudi. Rangi zilikuwa zimemwagika na ua lenyewe tulikuwa tumelikanyaga sisi, limelala kwenye tope. Mama aliliinua kwa fimbo, likaanguka tena. Tukaokota brashi, tukahakikisha hatujaacha kitu, tukaanza kutafuta jingine, taratibu, tukitangulizana, na tusiende mbali sana na njia.